Daktari anayekukatalia leza ya macho

Leza yenyewe hufanya kazi kwa muda usiozidi dakika moja kwa kila jicho. Mgonjwa hulala chali, hutiwa matone ya ganzi, kope zake huzuiwa zisifumbe, huambiwa akazie macho taa ndogo iliyo juu yake, na kabla hajauzoea mlio wa mashine daktari amekwisha kuhamia jicho la pili. Jioni yuko nyumbani. Kesho yake anasoma saa ya ukutani bila miwani. Hiyo ndiyo sehemu inayowekwa kwenye matangazo, wala si uongo: kwa watu wengi mambo huenda hivyo hivyo.

Kinachoamua usalama wa upasuaji huo, hata hivyo, hutokea mapema zaidi, katika chumba cha vipimo ambacho hakuna anayekipiga picha. Humo konea hupimwa unene, umbo lake huchorwa ramani, machozi hupimwa wingi, mboni hupimwa upana wake gizani, na mgonjwa huulizwa habari za afya yake hadi dawa anazotumia kwa chunusi. Baadhi ya watu hutoka humo wakiwa wameambiwa hapana. Sifa nzuri ambayo leza ya macho imejipatia kwa zaidi ya miaka thelathini imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya hao walioambiwa hapana. Mtu anayetafuta mahali pa kufanyiwa upasuaji huu huuliza bei na aina ya mashine. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: hapa huwa mnawakataa watu gani?

Sababu ya kuuliza hivyo ni rahisi. Mwenye mtoto wa jicho hupasuliwa kwa kuwa haoni, na asipopasuliwa hali huzidi. Anayetaka leza ana jicho zima. Akivaa miwani anaona vizuri kabisa, na asipofanyiwa chochote hapotezi kitu. Hatari ndogo ambayo mgonjwa wa kwanza angeipokea bila kusita, huyu wa pili anapaswa kuitazama mara mbili.

Hesabu ya nusu milimita

Konea ni utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, juu ya mboni. Ndiyo inayofanya takriban theluthi mbili ya kazi yote ya kupinda mwanga ili picha iangukie kwenye retina. Katikati yake ina unene wa wastani wa maikromita 540 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Asiyeona mbali ana jicho refu mno au konea iliyopinda mno, hivyo picha huangukia mbele ya retina. Leza humsaidia kwa kupunguza nyama kidogo katikati ya konea ili ipungue mpindo.

Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na leza ya eksaima, ambayo hutoa miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Miale hiyo huvunja vifungo vya molekuli na kuondoa tabaka jembamba mno kwa kila pigo, bila kuunguza sehemu za jirani.

Njia kuu za kufanya upasuaji huu ni tatu. Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukifunua kama ukurasa wa kitabu, leza huchonga chini yake, kisha kifuniko hurudishwa na kujishika chenyewe bila kushonwa. Katika PRK hakuna kifuniko: ngozi ya juu ya konea huondolewa, leza huchonga hapo hapo, na ngozi huota upya kwa siku chache zenye maumivu. Katika SMILE, leza ya femtosekunde hukata kipande chenye umbo la lenzi ndani ya konea yenyewe, na daktari hukitoa kupitia mwanya wa milimita chache tu.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, nayo ni hesabu ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuifuata. Kifuniko cha LASIK huchukua takriban maikromita 110. Kila dayopta moja ya kutoona mbali, yaani kila namba moja ya miwani, hugharimu maikromita 15 hivi, kutegemea upana wa eneo linalochongwa. Mtu mwenye konea ya maikromita 540 na miwani ya namba 6 atapoteza 90. Ukitoa kwenye 540 hizo kifuniko na kilichochongwa, chini yake hubaki 340. Madaktari wengi huweka mpaka wa chini kabisa kuwa 250, na wengi hupenda zaidi ya hapo, kwa hiyo huyu yuko salama kihesabu. Mwenzake mwenye konea ya 490 na miwani ya namba 9 atabakiwa na 245. Huyo anapaswa kuambiwa hapana, au aelekezwe njia nyingine, kama vile kupandikizwa lenzi ndani ya jicho.

Kifuniko, hata kikishika vizuri, hakirudishi nguvu yake ya zamani. Ndiyo maana hakihesabiwi katika kinachobaki.

Madhara yaliyochelewa kuonekana

Hamu ya kurekebisha macho kwa kisu ni ya zamani kuliko leza. José Ignacio Barraquer, aliyefanya kazi kwa miaka mingi huko Bogotá, Colombia, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kutafuta namna ya kuichonga konea upya. Katika miaka ya 1970 mjini Moscow, Svyatoslav Fyodorov alieneza mbinu ya kuichanja konea kwa mikato inayotoka katikati kwenda pembeni ili ilegee na kubonyea. Maelfu kwa maelfu ya watu walifanyiwa, Marekani wakiwamo, na kesho yake walifurahi.

Furaha hiyo ilikuja kupimwa baadaye. Utafiti uliowafuatilia wagonjwa wa Marekani kwa miaka kumi, ukachapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya macho yaliyofanyiwa yaliendelea kubadilika kuelekea upande wa kutoona karibu. Konea iliyochanjwa haikuwa imetulia. Mei 1996, daktari mmoja wa Texas, Beck Weathers, ambaye macho yake yalikuwa yamechanjwa kwa mbinu hiyo, alipoteza uwezo wa kuona akiwa juu katika mlima Everest, kwa sababu upungufu wa oksijeni hulivimbisha jicho la namna hiyo na kulibadili umbo. Akabaki akisubiri kuteremshwa, dhoruba ikamkuta huko huko. Alinusurika, lakini baridi ilimgharimu mkono wa kulia, vidole vya kushoto na pua.

Leza ilipokuja ilikuwa na usahihi ambao kisu hakikuwa nao. Novemba 27, 1981, siku moja baada ya sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, Rangaswamy Srinivasan alipeleka mabaki ya bata mzinga kwenye maabara ya IBM jimboni New York, akayapiga leza ya eksaima, na kuona imekata bila kuunguza. Daktari wa macho Stephen Trokel akaona matumizi yake kwa konea, na mwaka 1983 wakachapisha matokeo ya kwanza. Mwaka 1988, Marguerite McDonald wa Louisiana alimfanyia PRK mwanamke aliyekuwa akiona vizuri lakini alikuwa aondolewe jicho kwa sababu ya saratani, naye akajitolea litumike kwanza kwa majaribio. Miaka miwili baadaye Ioannis Pallikaris wa Krete aliunganisha kifuniko na leza, na LASIK ikapata jina lake. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha PRK mwaka 1995, na mashine za LASIK zikafuata mwishoni mwa muongo huo.

Hata leza ya femtosekunde ina historia ya namna hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, kwenye maabara ya Gérard Mourou, mwanafunzi mmoja alipigwa leza jichoni kwa bahati mbaya. Daktari aliyempima, Ron Kurtz, alishangazwa na jeraha lililokuwa safi na la duara kamili, na kutokana na hapo wakaanza kufikiria kuitumia kukata konea. Mourou alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2018 kwa kazi ya msingi iliyowezesha leza hizo.

Historia hii inatufundisha kwamba konea haina haraka. Kinachoonekana kizuri baada ya wiki moja hakina budi kuangaliwa tena baada ya miaka kumi. LASIK imepita kipimo hicho vizuri zaidi ya mikato ya Moscow, lakini nayo ina mambo yake.

Nyota kwenye taa za magari

Malalamiko mawili ndiyo huwafikia madaktari mara nyingi kuliko yote: macho makavu na shida ya kuona usiku.

Ukavu una sababu inayoeleweka. Konea imejaa mishipa ya fahamu ambayo, pamoja na kazi nyingine, huuarifu ubongo kwamba jicho limekauka ili machozi yatoke. Kukata kifuniko kunakata mishipa hiyo. Huota upya polepole, na kwa wengi hali hutengemaa ndani ya miezi sita hadi mwaka. Wachache hubaki na matone ya machozi ya dukani kwa miaka.

Shida ya usiku hutokana na mwanga unaopita kwenye ukingo kati ya eneo lililochongwa na lisilochongwa, pale mboni inapotanuka gizani. Mgonjwa huona miduara kuzunguka taa, au miale inayosambaa kama nyota kutoka kila taa ya gari linalokuja. Ubaoni kwa daktari anasoma hadi mstari wa chini, na rekodi inaandika kwamba upasuaji umefanikiwa. Barabara ya Chalinze saa mbili usiku ina habari nyingine.

Tofauti hiyo kati ya ubao na barabara ndiyo iliyoifanya FDA, pamoja na jeshi la majini na taasisi ya macho ya taifa la Marekani, kuwauliza wagonjwa wenyewe. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2017 ziliwafuatilia watu 574, kundi moja la wanajeshi na jingine la raia. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na macho yao. Chini ya asilimia 1 walisema dalili za kuona zinawatatiza sana katika shughuli zao za kila siku. Lakini miongoni mwa wale ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na dalili yoyote ya kuona miduara, nyota, mng'aro au picha mbili, asilimia 43 katika kundi la kwanza na asilimia 46 katika la pili walikuwa na angalau dalili moja mpya baada ya miezi mitatu. Kwa wasiokuwa na dalili za macho makavu, karibu asilimia 28 walizipata katika muda huo huo.

Matokeo hayo yote ni ya kweli kwa pamoja. Kwa jumla, idadi ya wenye dalili ilipungua, maana miwani na lenzi za kuvaa nazo huleta miduara yake, na wengi waliziacha dalili hizo walipoacha miwani. Mtu anaweza kuwa na nyota mpya kwenye taa na bado akasema angefanyiwa tena. Kinachodaiwa ni kwamba aambiwe kabla, hasa kama kazi yake ni kuendesha basi au lori usiku.

Nadra, lakini nzito

Maambukizi baada ya leza ni nadra, na yakitokea huhitaji matibabu ya saa hiyo hiyo. Haki inataka tuseme pia kwamba lenzi za kuvaa si malaika: kwa wanaolala nazo, kiasi cha watu 20 kati ya 10,000 kwa mwaka hupata maambukizi ya konea. Anayeacha leza kwa hofu huku akilala na lenzi jichoni amekimbilia hatari nyingine.

Kifuniko cha LASIK kinaweza kukunjamana siku za mwanzo, na zimeripotiwa ajali ambapo kilisogea kwa kupigwa jicho, hata miaka mingi baada ya upasuaji. Mabondia, wachezaji wa karate na askari hushauriwa zaidi njia zisizo na kifuniko. PRK nayo ina ukungu unaoweza kujitokeza kwenye konea, na jua kali huuchochea, hivyo miwani myeusi huwa sehemu ya dawa kwa miezi kadhaa.

Kuna maumivu ya mishipa ya fahamu, ambapo jicho likitazamwa kwa mashine halina kidonda wala wekundu, na mwenye jicho anasema linachoma mchana kutwa. Hutokea kwa wachache, lakini huathiri usingizi, kazi na hata akili, na mateso huongezeka mgonjwa anapoambiwa kwamba hana kitu. Anayepitia hayo anastahili daktari wa macho anayemwamini na, inapobidi, mtaalamu wa afya ya akili.

Zito kuliko yote ni konea kuchongoka. Konea iliyobakizwa nyembamba mno, au iliyokuwa dhaifu tangu awali, husukumwa mbele na shinikizo la ndani ya jicho, na uoni huharibika kiasi ambacho miwani haiwezi kurekebisha. Theo Seiler wa Ujerumani aliieleza hali hii mwaka 1998, na tafiti huiweka chini ya jicho moja kati ya 100. Tangu Seiler na wenzake walipochapisha mbinu ya kuikaza konea kwa vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno mwaka 2003, inawezekana kuisimamisha isiendelee. Kuirudisha ilivyokuwa ni jambo jingine.

Macho ya huku kwetu

Upasuaji huu unapatikana Nairobi na Dar es Salaam, na wengine husafiri hadi India au Ghuba. Yako mambo matatu ambayo mgonjwa wa Afrika Mashariki anapaswa kuyaleta mezani hata asipoulizwa.

La kwanza ni aleji ya macho ya utotoni. Watoto wengi wa ukanda huu hukua wakisugua macho yanayowasha, na kusugua sana huhusishwa na ugonjwa wa konea kuchongoka yenyewe bila upasuaji wowote. Ugonjwa huo ukiwa mchanga hauonekani kwa kibao cha herufi. Huonekana kwenye ramani ya konea pekee, mbele na nyuma. Aliyefanyiwa leza bila ramani hiyo amecheza bahati nasibu.

La pili ni unene. Utafiti mkubwa wa shinikizo la macho nchini Marekani uligundua kwamba konea za washiriki wenye asili ya Afrika zilikuwa nyembamba kwa wastani wa maikromita 23 kuliko za wenzao. Ni wastani tu, hausemi chochote kuhusu jicho lako, ila katika hesabu ya nusu milimita maikromita 23 zina uzito wake.

La tatu ni glakoma, ile ambayo wengi huiita presha ya macho. Huwapata watu wenye asili ya Afrika mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Konea iliyopunguzwa unene huufanya mpimo wa shinikizo uonyeshe namba ya chini kuliko ilivyo kweli, na daktari asiyejua kwamba ulifanyiwa leza anaweza kukuambia uko salama. Vivyo hivyo ukizeeka na kupata mtoto wa jicho: hesabu ya lenzi ya kupandikiza hukosewa kwa urahisi zaidi kwenye konea iliyochongwa. Omba nakala ya vipimo vyako vya kabla na baada ya upasuaji, uitunze pamoja na hati ya kiwanja.

Kwa anayesafiri kuna la nyongeza. Uvimbe chini ya kifuniko na maambukizi hujitokeza siku za mwanzo, na haraka ya kurudi nyumbani huweza kukugharimu. Kabla ya kukata tiketi, ujue ni daktari gani wa hapa atakayekuangalia wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza na mwaka wa kwanza.

Nani aseme yote

Mabishano hayajaisha. Morris Waxler, aliyewahi kuongoza kitengo cha FDA kilichopitia maombi ya LASIK, aliiomba mamlaka hiyo mwaka 2011 iondoe idhini. Ilikataa mwaka 2014. Mwaka 2022 FDA yenyewe ilitoa rasimu ya mwongozo inayotaka wagonjwa wapewe orodha ya wazi ya mambo yanayoweza kutokea, yakiwamo kuona picha mbili, macho makavu, shida ya kuendesha usiku na maumivu ya kudumu. Vyama vya madaktari wa upasuaji huo vililalamika kwamba rasimu inatisha kuliko ushahidi. Uingereza ilichukua njia tulivu zaidi: mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Macho wa mwaka 2017 unataka daktari atakayepasua ndiye azungumze na mgonjwa, na upite muda wa angalau wiki moja kati ya mazungumzo hayo na upasuaji.

Huko kwingine waendelee kubishana. Kanuni hiyo ya Waingereza tunaweza kujiwekea wenyewe leo. Asiyekuona mpaka umelala kwenye kitanda cha leza hajakupima. Anayekupa punguzo la bei ukilipa kabla ya jioni anauza, hatibu. Usimwonee haya daktari: muulize konea yako ina unene gani, itabaki na kiasi gani, ramani yake inasemaje, machozi yako yanatosha, na ukipata tatizo nani atalishughulikia na kwa gharama ya nani. Mwambie pia kama miwani yako imebadilika mwaka huu, kama una ujauzito au unanyonyesha, kama una kisukari, baridi yabisi, kinga ya mwili iliyoshuka, au uliwahi kupata malengelenge ya herpes jichoni. Vaa miwani badala ya lenzi kwa wiki mbili kabla ya vipimo, na zaidi ya hapo kama lenzi zako ni ngumu, kwa sababu lenzi hubadili umbo la konea na kuudanganya mpimo. Na kama umekaribia miaka 40, jua kwamba leza haizuii miwani ya kusomea.

Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Rafiki yako aliyefanyiwa na kufurahi alikuwa na konea yake, machozi yake na mboni zake. Ukipimwa kwa makini na kuambiwa unafaa, nenda bila hofu kubwa. Wengi mno wamekutangulia na wako vizuri. Ukiambiwa hufai, usitafute hospitali ya pili itakayokubali haraka. Aliyekukatalia amekosa pesa yako ili wewe usikose macho yako, na daktari wa namna hiyo ndiye wa kurudi kwake kila mwaka, hata kama ni kwa ajili ya miwani tu.